Aliyetolewa kizazi naye ana arobaini yake

"Sasa hiyo damu ya kila mwezi itakuwa inapita wapi?" Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, jikoni au kwenye kikao cha vikoba, mara tu habari zinapoenea kwamba fulani ametolewa kizazi. Kabla halijapata jibu, mengine yanafuata: atanenepa, atakuwa baridi kwa mumewe, tumbo litabaki na uwazi, damu itampanda kichwani. Mwenyewe yuko chumbani amelala chali, na anayotaka kujua ni madogo zaidi. Anaruhusiwa kuoga? Kupanda ngazi je? Lini atabeba ndoo?

Kwa maoni yangu, mkanganyiko mwingi una chanzo kimoja. Nyumba zetu zinajua kumuuguza mzazi. Mwanamke akijifungua kila mtu anajua zamu yake: nani atapika mtori au uji wa pilipili manga, nani atafua, nani atalala naye. Aliyetolewa kizazi hurudi kutoka hospitali ile ile, pengine kapasuliwa pale pale, lakini karudi mikono mitupu, na familia haijui imweke fungu gani. Wapo wanaomfanya mzazi kwa kila kitu, hadi kumkanda kwa maji ya moto. Wapo wanaoona kidonda kimefunga wiki ya pili na kumrudishia ndoo yake. Wote wanakosea. Lakini mila ina jambo moja lililokaa sawa na tiba, nalo ni hesabu ya siku. Madaktari husema wiki sita, yaani siku 42. Bibi zetu walisema arobaini.

Kilichoondoka na kilichobaki

Kizazi, au mfuko wa uzazi, ni kiungo cha misuli kinachokaa kati ya kibofu cha mkojo kwa mbele na utumbo mpana kwa nyuma. Kwa mwanamke asiye mjamzito ukubwa wake ni kama ngumi. Chini kina shingo, ambayo huchomoza juu kabisa mwa uke. Kulia na kushoto kuna ovari mbili, zinazotunza mayai na kutengeneza homoni za kike. Ovari si sehemu ya kizazi, na hapo ndipo watu wengi hupotea njia.

Maana daktari anaposema "tumeondoa kizazi" anaweza kuwa amefanya mambo tofauti. Pengine ameondoa mfuko na kuacha shingo. Pengine ameondoa mfuko pamoja na shingo, ambayo ndiyo njia iliyozoeleka zaidi. Pengine, hasa kwa saratani ya shingo ya kizazi, ameondoa na sehemu ya juu ya uke pamoja na tishu za pembeni. Ovari zinaweza kuachwa zote, kutolewa moja, au kutolewa zote mbili. Hata njia ya kuingilia hutofautiana: kupasua tumbo, kupitia ukeni bila kidonda chochote cha nje, au kwa matundu madogo na kamera. Wanawake wawili wa mtaa mmoja wanaweza kusema "nimetolewa kizazi", na mmoja akarudi sokoni wiki ya nne wakati mwenzake bado anashika ukuta akienda chooni. Hakuna mvivu hapo. Hawakufanyiwa operesheni moja.

Sasa ile damu. Hedhi ni utando wa ndani wa kizazi unaojijenga kila mwezi na kubomoka mimba isipotunga. Hakuna ghala la damu chafu mwilini linalosubiri tarehe yake. Kizazi kikiondoka, utando umeondoka nao, na damu ya hedhi haitengenezwi tena. Haina pa kwenda kwa sababu haipo. Nafasi iliyoachwa haibaki tupu pia, kwani utumbo hujisogeza na kuijaza. Mbegu za mume hutoka zenyewe, kwa kuwa uke umeshonwa juu na hauendi popote. Na tendo la ndoa halikuwahi kufanyika ndani ya kizazi, hivyo habari ya mume "kugundua" ina hofu nyingi kuliko ukweli.

Kuzeeka ghafla ni uvumi wenye chembe ya kweli, na chembe hiyo iko kwenye ovari. Zikiachwa, homoni zinaendelea kama kawaida, ingawa zinaweza kuchoka mapema kidogo kuliko ambavyo zingechoka. Kwa vile hedhi haipo tena ya kumwonyesha kwamba ukomo umefika, mwanamke hujua kwa joto la ghafla usoni, jasho la usiku na usingizi wa mang'amung'amu. Zikitolewa zote mbili kabla ya umri, dalili hizo huja ndani ya siku au wiki chache, kwa nguvu, pamoja na ukavu ukeni, na baadaye mifupa hudhoofika. Mwanamke wa miaka 38 aliye katika hali hiyo aulize juu ya homoni za kurudishia, ambazo kwa kawaida hutumika hadi karibu miaka 50, umri wa kawaida wa kukoma hedhi. Kwa baadhi ya saratani jibu litakuwa hapana. Aulize hata hivyo.

Kuna mama mmoja anayesahaulika katika mazungumzo haya: aliyetoka damu isiyokoma baada ya kujifungua, kizazi kikatolewa ili asife. Huyu anarudi na mtoto mchanga na kidonda. Maziwa yake hayatoki kwenye kizazi, yanaamriwa na homoni za ubongo, kwa hiyo ananyonyesha. Kama alipoteza damu nyingi maziwa yanaweza kuchelewa au kuwa haba, na hilo alieleze kliniki mapema badala ya kuambiwa na majirani kwamba "kizazi kimeondoka na maziwa".

Kidonda unachokiona si kile chenye kazi

Anayepasuliwa tumbo hushonwa kwa tabaka. Ngozi ni ya mwisho na ndiyo nyepesi kupona, kwani ndani ya wiki mbili huwa imeshikana. Chini yake kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, na huo ndio unaozuia utumbo usitokeze. Wenyewe hata ukitimiza wiki sita haujarudia nguvu zake zote. Juu ya uke, pale shingo ilipoondolewa, kuna mshono mwingine ambao hakuna mtu wa nyumbani atakayeuona kamwe. Aliyeona mafundi wakimwaga zege la ghorofa ataelewa haraka: kesho yake unaweza kutembea juu yake na viatu, lakini mirunda iliyolishikilia kwa chini fundi haiondoi hadi wiki kadhaa zipite. Anayekuja kusalimia wiki ya pili na kusema "mbona umeshapona" ameliona zege kwa juu tu.

Ndiyo maana ndoo ya lita 20 ni marufuku. Uzito wake ni karibu kilo 20, na kuiinua kutoka chini kunabana tumbo zima na kusukuma nyonga. Wengi hupewa kipimo cha kilo 4 au 5 kwa wiki sita za mwanzo. Kwa lugha ya jikoni hiyo ni dumu la lita 5 lisilojaa. Kwenye orodha hiyo hiyo kuna jembe, kinu na mchi, kufua mashuka kwa mkono, kudeki kwa kuinama, na kumnyanyua mtoto wa miaka mitatu anayelilia kubebwa. Huyo mwache apande kitandani akukumbatie ukiwa umekaa.

Aliyepasuliwa kwa matundu madogo au kupitia ukeni ana udanganyifu mkubwa zaidi, maana nje hana cha kuonyesha. Maumivu huisha upesi na pengine analala hospitali siku moja au mbili tu. Lakini kama shingo iliondolewa, ule mshono wa juu ya uke anao yeye pia, na unataka muda ule ule.

Kupumzika si kulala

Hapa mila ya kumfungia mzazi ndani haifai. Damu isiyotembezwa miguuni huganda, na bonge likipanda hadi kwenye mapafu linaua. Kwa hiyo wauguzi humwinua mgonjwa siku ya kwanza, hata akilalamika. Nyumbani iendelee hivyo hivyo: kuzunguka uani, kwenda hadi kwa jirani na kurudi, kuongeza kidogo kila siku. Ukichoka, kaa. Uchovu wa wiki tatu za mwanzo ni wa kweli, na unaweza kukuangusha saa nane mchana bila kufanya kazi yoyote ya maana.

Kuinuka kitandani kuna namna yake. Usijikunje kutoka chali kama ulivyozoea. Kunja magoti, geuka ubavu, shusha miguu pembeni, kisha jisukume kwa mkono na kiwiko. Kikohozi au chafya ikija, kandamiza mto mdogo au khanga iliyokunjwa juu ya mshono. Kucheka ni vivyo hivyo, na wageni wachekeshaji waambiwe mapema.

Siku za mwanzo tumbo hujaa gesi kuliko linavyouma mshono. Kutembea husaidia. Choo kigumu ni adui mwingine, kwa sababu dawa za maumivu na vidonge vya kuongeza damu vyote hufunga choo, na kujikakamua kunavuta kule kule kunakopona. Maji, papai, mboga za majani na uji mwepesi hufanya kazi, na vikiwa havitoshi omba dawa ya kulainisha choo. Wenye choo cha kuchuchumaa watafute cha kushika wakati wa kuinuka, au kiti kilichotobolewa kwa wiki chache. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza.

Vidonge vya kuongeza damu vinastahili aya yake, kwa sababu wanawake wengi walifika kwenye operesheni hii baada ya miaka ya kutokwa damu kwa uvimbe wa fibroidi. Damu imekata, ila akiba ya madini ya chuma bado iko chini, na kuijaza huchukua miezi kama mitatu. Wengi huacha vidonge mara wakijisikia nafuu. Wengine wanavimeza kwa chai, na chai huzuia chuma kunyonywa. Vimeze kwa maji, ukiweza na chungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Dagaa, maini, maharage na matembele viendelee.

Sasa tufike kwa mama mkwe.

"Mama, daktari kasema nisikandwe."

"Mwanangu, sisi wote tumekandwa, na tumepona."

Wote wawili wanasema kweli. Kukandwa kulikuwa kwa ajili ya kizazi kilichotanuka kwa mimba, na hapa kizazi hakipo. Kilichopo ni mshono, ambao maji ya moto na mikono yenye nguvu vinaweza kuuchoma au kuufungua. Kukalia beseni la maji ya dawa, kujifukiza ukeni na kuingiza mitishamba ni hatari zaidi, maana vinapeleka uchafu kwenye mshono usioonekana. Mkaja ndio wenye mjadala. Ukifungwa kwa wepesi, na daktari akiridhia, unaweza kupunguza maumivu ya kutembea. Ukikazwa ili "tumbo lirudi", unamzuia mgonjwa kuvuta pumzi ndefu. Mama mkwe asikatazwe tu akaachwa hivyo, akaona amedharauliwa. Apewe mtori, apewe nguo za kufua, apewe mlango wa kuwazuia wageni wa saa nne usiku.

Kuoga kwa maji ya kumimina hakuna shida ukisharuhusiwa, ila kidonda kikaushwe kwa kitambaa safi, kwa kugusagusa bila kusugua. Unga, majivu, dawa ya meno na asali ya duka lolote visipakwe. Ukeni unaweza kutoka ute wa kahawia au matone ya damu kwa wiki kadhaa, hata sita, nyuzi za ndani zinapoyeyuka. Tumia pedi za nje tu. Waislamu huuliza juu ya swala: kwa kuwa kizazi hakipo, masheikh wengi hawauhesabu ute huo kuwa hedhi. Mwanamke hujisafisha, hutia udhu na kuswali, na kama kusujudu kunavuta mshono huswali kwenye kiti.

Kazi, safari na chumbani

Wengi hutoka mikoani kuja kupasuliwa kwenye hospitali kubwa, kisha hurudi kwa basi. Safari kama ya Dar es Salaam hadi Mwanza ni ya kutwa nzima. Ikiwezekana isubiri. Isipowezekana, chukua kiti cha pembeni ya njia, shuka kila basi linaposimama, chezesha vifundo vya miguu njiani, na usijinyime maji kwa kuogopa choo. Bodaboda kwenye makorongo ziache kwa mwezi wa kwanza, bajaji ni afadhali. Kuendesha gari ni pale unapoweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita kwa maumivu, ambapo kwa wengi ni kati ya wiki ya tatu na ya sita.

Aliyeajiriwa Tanzania anastahili kuijua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, ambapo 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata ni kwa nusu. Siku 42 zinaenea humo na kubaki, mradi kuna cheti cha daktari. Kenya ni finyu zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kima cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, na zaidi ya hapo ni mkataba wako. Kwa mama lishe hakuna sheria yoyote inayomlipa, na ndiye anayerudi mapema kuliko wote. Kwake ushauri wa "pumzika wiki sita" bila kusema nani atalisha nyumba ni maneno matupu. Linalowezekana ni kugawa kazi: kuanzia wiki ya tatu au ya nne, kama hali inaruhusu, akae kwenye kiti apokee pesa na kukata mboga, na sufuria iinuliwe na mwingine.

Tendo la ndoa lisubiri wiki sita kwa uchache, na kwa aliyeondolewa shingo lisubiri hadi apimwe. Mshono wa juu ya uke ukifunguka ni dharura ya kurudi chumba cha upasuaji. Mume aambiwe hili na daktari mwenyewe, uso kwa uso, kwa sababu likitoka kwa mke hugeuzwa kisingizio. Baada ya hapo wanawake wengi hukuta mambo yako kama zamani, na waliokuwa wakitokwa damu nusu ya mwezi hukuta yamekuwa bora. Wapo wanaopata ukavu, ambao unatibika kwa vilainishi au dawa, na wapo ambao hamu inachelewa. Mimba haiwezi kutunga tena, lakini magonjwa ya zinaa hayajui kama una kizazi, kwa hiyo kondomu haijapoteza kazi yake.

Kulia pia kupo. Hata aliyekuwa na watoto watano na aliyeomba operesheni mwenyewe anaweza kulia wiki ya pili bila kujua sababu. Kwa kijana asiyepata mtoto ni msiba kamili, na neno la "shukuru Mungu uko hai" likisemwa kila saa humnyamazisha tu. Huzuni ikipita wiki kadhaa, ikamnyima kula na kulala, ipelekwe kliniki kama homa inavyopelekwa.

Yasiyosubiri kesho

Homa ya nyuzi 38 na zaidi. Kidonda chenye usaha, wekundu unaosambaa au harufu. Damu mbichi inayoloweka pedi ndani ya saa moja. Tumbo linalovimba huku mgonjwa akitapika, hapati choo wala hatoi hewa. Mguu mmoja unaovimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Kifua kubana au pumzi kukatika, hapo ni gari, si kungoja asubuhi. Kitu chochote kinachotokeza ukeni.

Na mkojo. Kushindwa kukojoa baada ya mpira wa mkojo kutolewa ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo. Mkojo unaovuja wenyewe usiku na mchana, wakati mwingine ukianza siku kadhaa au wiki moja mbili baada ya operesheni, unaweza kumaanisha kibofu au mrija wa mkojo umetoboka. Hiyo ni fistula, inaweza kutokea hata bila kujifungua, na haitokani na laana wala usafi mbaya. Wanawake huificha kwa kuvaa matambara na kuacha kwenda kanisani au msikitini, ilhali hurekebishwa kwa upasuaji. CCBRT ya Dar es Salaam ni moja ya hospitali zilizojulikana kwa kazi hiyo.

Kliniki ya wiki ya sita wengi huikwepa kwa sababu hawaumwi. Waende, kwa kuwa kilichotolewa hupelekwa maabara, na majibu yake husomwa siku hiyo. Hapo ndipo inapojulikana kama ulikuwa uvimbe wa kawaida au kuna jambo la kufuatilia. Muulize daktari aandike kwenye kadi mambo matatu: kizazi kilitolewa kwa sababu gani, shingo imebaki au la, na ovari ziko ngapi. Kama shingo imeondoka na majibu ni safi, kwa kawaida vipimo vya saratani ya shingo ya kizazi vinaishia hapo. Kama kulikuwa na saratani au dalili zake, ufuatiliaji wa uke unaendelea. Na kama shingo imebaki, kipimo cha siki, kile cha kutafuta dalili za saratani ya shingo, kinamhusu kama kinavyomhusu mwanamke mwingine yeyote.